Kuanza kuchora picha takatifu ukubwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga anayeanza akiwa na miaka 50, 60 au zaidi, na anayetaka kufika kwenye ikoni (picha takatifu za Kikristo zinazochorwa kwenye ubao), kaligrafia ya Kiarabu, yaani uandishi wa herufi kwa sanaa, au nakshi za kijiometri.

Sijashika penseli ya kuchorea tangu shuleni. Sijachelewa?

Hujachelewa, na hatusemi hivyo kukufariji. Sanaa ya kidini kwa sehemu kubwa haimtaki mchoraji abuni. Kielelezo kipo, vipimo vipo, hata mpangilio wa rangi upo. Kinachotakiwa ni kupima sawasawa na kurudia mpaka mkono uzoee. Kazi ya namna hiyo humfaa mwenye subira kuliko mwenye mkono mwepesi.

Anna Mary Robertson Moses wa Marekani alianza kuchora kwa dhati akikaribia miaka 80, baada ya yabisi ya viungo kumfanya ashindwe kudarizi. Henri Matisse alikuwa mchoraji maisha yake yote, lakini kazi ya kanisa dogo la Vence, Ufaransa, aliifanya kati ya 1948 na 1951, mgonjwa na mwenye umri wa miaka 80 hivi. Alichora kwa mkaa uliofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Zingatia mwanzi huo: mwili ukigoma, badilisha kifaa.

Lazima nijue kuchora kabla ya kugusa ikoni au kaligrafia?

Kwa kaligrafia na nakshi, hapana. Kalamu ya tete na bikari zina nidhamu yake, na unaweza kuanza leo bila kujua kuchora hata kikombe. Kwa ikoni, ndiyo. Jipe angalau miezi mitatu ya penseli tupu. Wengi huruka hatua hii kwa sababu rangi na dhahabu zinavutia, kisha wanamaliza wiki tatu wakipaka uso ambao jicho moja liko chini ya jingine. Rangi haifichi kosa la mchoro, hulianika.

Ninunue nini mwanzoni?

Penseli tatu: HB ya mchoro wa awali, 2B ya mistari ya mwisho, 4B ya vivuli. Seti ya penseli 24 huishia droo. Chukua daftari la A4 lenye karatasi isiyo na asidi, ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 huanza kuchubuka raba ikipita mara tatu. Nunua raba mbili, nyeupe ya kawaida na ile laini inayokandwa kwa vidole, ambayo hupunguza giza bila kukwaruza. Ongeza rula ya sentimita 30, bikari yenye skrubu ya kukaza (ile inayofunguka yenyewe itakutesa), na kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 50 cha kuegemezea karatasi.

Rangi na brashi zisubiri.

Nikae vipi?

Ubao uinuke nyuzi 30 hadi 45. Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu yake ya juu huwa mbali zaidi na jicho, unaiona imefupika, na bila kujua unairefusha unapochora. Ukiisimamisha ukutani ndipo unagundua watakatifu wote wana vichwa virefu. Mwanga utoke kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, la sivyo kivuli cha mkono kitafunika mstari. Kila baada ya dakika 25 simama, rudi nyuma mita mbili, utazame. Mgongo unapumzika na makosa yanajionyesha.

Miwani yangu ya kusomea inanichosha nikichora. Tatizo ni nini?

Ni umbali. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa sentimita 35 hadi 40, wakati ubao wako uko kwenye 50 hadi 60. Kaa unavyokaa ukichora, mtu akupimie kutoka jicho hadi katikati ya ubao, kisha mpe mtaalamu wa macho namba hiyo. Omba lenzi ya umbali mmoja. Lenzi zenye sehemu mbili au zinazobadilika polepole hukulazimisha kuinua kidevu ili uone kupitia sehemu yake ya chini, na shingo hulipa.

Taa ya mezani iwe ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 hadi 6500, yenye kipimo cha uonyeshaji rangi cha 90 au zaidi. Chini ya taa ya manjano, rangi ya udongo wa njano na nyeupe hufanana mno, na utashangaa asubuhi.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha: lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyokwenda, na mtoto wa jicho huzidisha hali hiyo. Buluu hufifia, nyekundu na kahawia hutawala. Claude Monet alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 1923, na picha zake za kabla ya hapo zinaonyesha rangi nzito za kahawia na nyekundu. Watu wakikuambia buluu yako imezidi, usibishane nao, kapime macho. Wakati huohuo weka lebo kwenye kila kichupa cha rangi na uchanganye kwa vijiko vilivyohesabiwa badala ya kukisia.

Mkono unatetemeka, na vidole vinauma asubuhi.

Kwa mtetemo ulioanza karibuni, mwone daktari kwanza. Ukishajua ni wa kawaida, zipo njia. Mstari mrefu uvutwe kutoka begani na kiwikoni, si kwenye vidole, na kwa kasi ya wastani. Mstari unaochorwa polepole mno ndio unaoonyesha kila mtikisiko. Vuta kuja kwako badala ya kusukuma, ukitoa pumzi. Kwa kazi ndogo za brashi tumia fimbo ya kuegemeza mkono: urefu wa sentimita 80 hadi 100, ncha imefungwa pamba na kitambaa. Ncha hukaa ukingoni mwa ubao, mkono wa kushoto unashika mwisho wake, na kifundo cha mkono wa kulia kinaegemea juu yake. Wachoraji wametumia kifaa hiki kwa karne nyingi, wakiwemo vijana wasiotetemeka.

Kwa yabisi, nenepesha kishikio. Visha penseli au brashi kipande cha povu au mpira mpaka unene ufike sentimita 1.5 hadi 2, na vidole havitalazimika kubana. Penseli laini hudai nguvu kidogo, kwa hiyo 2B ichukue nafasi ya HB. Loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika tano kabla ya kuanza, na uache kazi maumivu yanapoanza, si yanapozidi.

Nifanye mazoezi gani katika hiyo miezi mitatu?

Wiki mbili za kwanza ni mistari. Weka nukta mbili zilizoachana sentimita 15, uziunganishe bila rula huku jicho likitazama nukta unayoelekea, si ncha ya penseli. Mistari 40 kwa siku, mingine wima, mingine mshazari. Halafu maduara na duaradufu. Inachosha, lakini ikoni ni sanaa ya mstari, na mstari uliositasita huonekana hata chini ya dhahabu.

Wiki ya tatu hadi ya sita ni kupima. Nyoosha mkono wote, kaza kiwiko, fumba jicho moja, linganisha upana wa bakuli na urefu wake kwa ncha ya penseli na kidole gumba. Anayekunja kiwiko kidogo tu hubadilisha kipimo bila kujua. Ndilo kosa la kwanza la kuangalia namba zisipolingana. Kisha chora yai jeupe chini ya taa moja, ukitenganisha ngazi tano za mwanga: nyeupe, kijivu hafifu, kijivu, giza, na ule mwanga mdogo unaorudi kutoka mezani. Usipake kivuli kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha madoa ambayo raba haiyaondoi.

Wiki sita zilizobaki zigawe kati ya nguo, mikono na uso, na nguo zipate sehemu kubwa. Tazama picha yoyote takatifu uone eneo lililochukuliwa na mavazi. Tundika shuka kwenye msumari mmoja, uchore. Kesho litundike kwenye misumari miwili. Mikunjo huanzia pale nguo inaposhikwa au kubanwa, yaani begani, kiwikoni, kiunoni, gotini. Mkunjo usio na chanzo ni mapambo matupu, na kwenye ikoni huonekana haraka kwa sababu mistari ni michache.

Dakika 30 hadi 45, siku tano kwa wiki, zinashinda saa nne za Jumamosi.

Kunakili picha ya mwingine si kudanganya?

Katika sanaa hii kunakili ndiyo shule yenyewe. Anayejifunza ikoni hunakili ikoni, anayejifunza hati hunakili mashki, yaani vielelezo vya mazoezi, ya mwalimu. Tofautisha tu kunakili na kufuatisha juu ya karatasi inayopitisha mwanga: kufuatisha kunafaa kuhamisha mchoro uliokwisha kuufanya, hakufundishi jicho.

Tumia miraba. Kielelezo cha sentimita 20 kwa 30 kigawe kwenye miraba ya sentimita 2, upate safu 10 kwa 15. Ukitaka kukikuza mara moja na nusu, ubao wako uwe na miraba ya sentimita 3. Chora kinachoonekana ndani ya kila mraba: wapi mstari unaingia, wapi unatoka.

Picha za intaneti mara nyingi zimevutwa upande mmoja. Pima duara la nuru lililozunguka kichwa. Likiwa pana kuliko urefu wake, picha imeharibiwa, tafuta nyingine.

Kazi za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha ziko wazi kunakiliwa. Ya mchoraji aliye hai au aliyefariki karibuni iombewe ruhusa, hasa ukikusudia kuuza.

Kwa nini nyuso zangu hazikai sawa?

Mara tisa kati ya kumi macho yamewekwa juu mno. Mstari wa macho uko katikati kabisa ya urefu wa kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, ila tunaupuuza utosi kwa sababu hauna kitu cha kutazama. Gawa sawa upate mstari huo. Upana wa kichwa kwenye mstari huo ni takriban macho matano, na kati ya jicho na jicho inaingia nafasi ya jicho moja. Chini ya pua ni nusu ya njia kati ya nyusi na kidevu. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Ukishika hayo, uso utasimama, hata kama haufanani na mtu.

Uso wa ikoni ya Kibizanti (ya mapokeo ya Kanisa la Mashariki) una kanuni yake, na kipimo chake ni urefu wa pua. Weka ncha ya bikari kwenye mzizi wa pua, katikati ya macho. Duara la kwanza, lenye nusu kipenyo cha pua moja, hupita kwenye paji na mashavu. Duara la pili, pua mbili, huzunguka nywele na kufika chini ya kidevu. La tatu, pua tatu, huwa ndilo duara la nuru, na hupita kwenye shimo la koo. Kanuni hii hufaa uso unaotazama mbele. Uso uliogeuka robo tatu hauitii moja kwa moja, kwa hiyo usianze nao. Kiwiliwili nacho hurefushwa: mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, ilhali watakatifu wa ikoni mara nyingi hufika vichwa tisa. Ukiona mwili ni mwembamba na mrefu, usiusahihishe.

Dini yangu inaruhusu nichore watu?

Muulize kiongozi wako wa dini kabla hujanunua ubao. Kwa ufupi: Waorthodoksi na Wakatoliki huegemea Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nikea wa mwaka 787, uliotofautisha heshima inayotolewa kwa picha na ibada inayomstahiki Mungu peke yake; Mtaguso wa Trento ulirudia fundisho hilo mwaka 1563. Makanisa ya Kiprotestanti hutofautiana sana, na mengine hukubali picha za kufundishia lakini si za kusalia mbele yake. Katika Uislamu wanazuoni wengi hukataza picha za viumbe wenye roho, huku hati, mimea na nakshi zikiwa uwanja mpana uliolimwa kwa zaidi ya miaka elfu.

Shauri letu: shika mapokeo yako mwenyewe. Anayechora ikoni Jumatatu, mandala (mchoro wa duara wa Kihindu na Kibudha) Jumatano na basmala Ijumaa hatafika popote katika mojawapo.

Nakshi za kijiometri huanzwaje?

Kwa nyota ya pembe sita. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6. Bila kubadilisha bikari, weka ncha popote kwenye mzingo, tia alama, hamia kwenye alama hiyo, endelea hadi alama sita. Ya sita irudi pale ulipoanzia. Ukiunganisha alama kwa kuruka moja moja unapata pembetatu mbili zilizopishana, na humo ndimo huzaliwa nakshi nyingi unazoziona ukutani.

Ikiwa alama ya sita haikurudi, tatizo ni bikari, si hesabu. Kosa la nusu milimita kwa kila hatua linaweza kufika milimita tatu mwishoni. Chonga risasi ya bikari mshazari, upande mmoja tu, ikaze skrubu, na weka utepe wa gundi chini ya ncha ili shimo lisipanuke. Mistari ya ujenzi iwe hafifu kwa penseli ngumu ya 2H, kwa kuwa mingi itafutwa. Ukiweza pembe sita nenda nane. Pembe tano na kumi ziache mwakani.

Na kalamu ya tete?

Hapa kipimo ni nukta. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehusishwa na mfumo wa kuzipima herufi kwa nukta, yaani mraba uliosimama kwa pembe yake ambao ncha ya kalamu huuacha ikigusa karatasi mara moja. Katika thuluth, mojawapo ya mitindo ya hati, alif huwa na urefu wa nukta saba. Kwa hiyo ukibadilisha upana wa kalamu umebadilisha hati yote.

Kata ncha ya tete mshazari, ipasue katikati kama sentimita moja ili wino ushuke. Mpasuko mfupi humfanya mtu asukume, mrefu hufanya ncha ifunguke na kutema wino. Wino wa asili ni masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mgunga na maji. Ndani ya kidau huwekwa nyuzi za hariri ili kalamu ichukue kiasi na isigonge kioo. Karatasi ya kawaida hunywa wino na kingo za herufi huota manyoya. Karatasi ya jadi hupakwa wanga, kisha ute wa yai uliopigwa na shabu, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki na kuachwa ipevuke. Kwa kuanza, karatasi laini ya kung'aa kidogo inatosha.

Anza na nukta, kisha alif, kisha ba, wiki nzima. Katika mapokeo ya Kiothmani (ya dola ya zamani ya Waturuki) mwanafunzi huanzia kwenye dua ya «Rabbi yassir wala tuassir», na huendelea mpaka mwalimu ampe ijaza, idhini ya kutia saini kazi yake. Mazoezi yafanye kwa herufi moja moja na si kwa aya, ili usibaki na rundo la karatasi zenye maneno matukufu usizojua pa kuzihifadhi.

Anayetumia mkono wa kushoto akate ncha kwa mshazari wa upande wa pili.

Ubao wa ikoni unaandaliwaje?

Plaiwudi ngumu ya milimita 12 hadi 18, au mbao kavu iliyozeeka vizuri. Mbao mbichi itapinda na kuvunja kila kitu juu yake. Loweka gramu 70 za gundi ya ngozi ya sungura kwenye lita moja ya maji baridi usiku kucha, kisha ipashe moto kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Isichemke. Ikipita nyuzi 60 hivi nguvu yake hupungua, na hutajua mpaka jeso, yaani tabaka la gundi na chaki linalopakwa kabla ya rangi, ianze kubanduka.

Paka gundi tupu pande zote mbili za ubao, ule wa nyuma pia, la sivyo utavutwa upande mmoja. Gandisha kitambaa cha kitani au pamba nyembamba, kiache kikauke siku moja. Sasa tengeneza jeso yenyewe. Nyunyiza unga wa chaki polepole kwenye gundi ya vuguvugu mpaka ubaki unaelea kama visiwa vidogo, uache uzame wenyewe, ndipo ukoroge taratibu. Anayepiga kama anapiga mayai huingiza hewa, na kila kipovu kitakuwa tundu la sindano. Paka tabaka 8 hadi 12 nyembamba, kila moja kabla ya ile ya chini kukauka kabisa, ukibadilisha mwelekeo wa brashi. Ukimaliza acha siku tatu, kisha piga msasa namba 220, halafu 400, mpaka uso uwe mlaini kama ganda la yai.

Jeso ikipasuka nyufa za buibui, gundi ilikuwa kali mno au ubao ulikaushwa juani. Ikiacha unga kidoleni, gundi ilikuwa hafifu. Zote mbili hazitibiki kwa kupaka tena juu; kwangua, anza upya. Jeso ya akriliki ya dukani ni rahisi, lakini hainyonyi vya kutosha na rangi ya yai hushika vibaya juu yake.

Kazi hii ni nzito kwa mabega. Hakuna aibu kununua ubao uliokwisha andaliwa, mradi jeso yake iwe ya gundi na chaki.

Rangi ya yai huchanganywa vipi?

Tenga kiini, kizungushe juu ya karatasi ya jikoni mpaka ute wote uishe, kishike kwa vidole juu ya kikombe, toboa ngozi yake, acha kimiminike, tupa ngozi. Ongeza maji ya kiasi kilekile cha kiini, na matone machache ya siki dhidi ya kuoza. Hukaa siku chache kwenye jokofu, ikinuka, mwaga. Rangi ni unga uliosagwa na maji hadi uwe uji mzito. Changanya uji huo na yai kwa kiasi sawa, kisha ongeza maji hadi iteleze.

Rangi nyingine hunywa yai zaidi, kwa hiyo jaribu kila moja pembeni. Ikikauka isugue kwa kitambaa: ikitoka unga, yai halikutosha, iking'aa kama plastiki, yai limezidi na baadaye itapasuka. Ultramarini iache mbali na siki. Asidi hula buluu yake, basi hiyo ichanganye na yai lisilo na siki.

Paka kwa brashi ya duara, namba 2 hadi 4, iliyokamuliwa karibu kukauka. Tabaka ni nyembamba na nyingi. Ukirudia sehemu iliyo mbichi bado, brashi itang'oa kilicho chini na kuacha shimo; subiri dakika chache, hukauka haraka.

Kwa nini uso wa ikoni huanza na rangi ya giza?

Kwa sababu kazi inakwenda kutoka gizani kuelekea nuruni, kinyume cha rangi za maji. Uso wote hufunikwa kwanza na kijani cha zeituni, kilichotoka kwenye udongo wa njano na nyeusi kidogo, au udongo wa kijani na wa kahawia. Mistari ya macho, pua na mdomo hurudishwa kwa kahawia iliyokolea. Kisha huja tabaka la udongo wa njano lenye nyekundu kidogo, likifunika paji, mashavu na mgongo wa pua. La pili lenye nyeupe zaidi, juu ya eneo dogo kuliko la kwanza. La tatu, dogo zaidi. Mwisho ni vistari vyembamba vya nyeupe kwenye sehemu zilizoinuka. Kosa la wengi ni kuacha kila tabaka na ukubwa uleule, hivyo kijani kinazikwa na uso unakuwa bapa. Kijani kibaki kikionekana pembeni mwa uso, chini ya nyusi na shingoni.

Dhahabu ni lazima? Inawekwaje?

Si lazima. Udongo wa njano umetumika kama mandhari katika ikoni nyingi nzuri. Ukiitaka, iweke kabla ya rangi, maana yai hunasa dhahabu. Njia rahisi ni gundi ya mafuta ya kuchovyea: paka nyembamba mno juu ya jeso iliyozibwa kwa shelaki (aina ya vanishi), subiri muda ulioandikwa kwenye chupa (ipo ya saa 3, ipo ya saa 12), kisha gusa kwa kifundo cha kidole. Ikinata bila kuacha alama, na ikitoa sauti ndogo ya kukwaruza, muda umefika. Ikiwa mbichi dhahabu huzama na kupoteza mng'ao. Funga madirisha na feni. Jani la dhahabu ni jepesi kiasi cha kurushwa na pumzi.

Dhahabu ya kuigiza ni shaba na zinki. Itageuka kijani au kahawia usipoifunika kwa shelaki.

Kuna rangi za hatari?

Zipo. Nyeupe ya risasi, nyekundu ya zebaki na ile njano ya aseniki zilitumiwa na mabwana wa zamani, na hazina nafasi nyumbani kwako. Nyeupe ya titani, udongo wa njano, mwekundu na wa kijani, ultramarini na nyeusi ya mifupa zinatosha ikoni nzima. Unga wowote uuchanganye ukiwa na barakoa ya kuzuia vumbi, usipulize, usilambe brashi kuichongoa, na vyombo visirudi jikoni.

Maandishi yanawekwa lini?

Mwishoni, na hayaachwi: ikoni isiyo na jina haihesabiwi kuwa imekamilika. Kristo huandikwa kwa kifupi cha Kigiriki IC XC, na ndani ya msalaba wa duara lake la nuru Ο Ω Ν, yaani «Aliyepo». Mama wa Mungu, pia kwa kifupi, ni ΜΡ ΘΥ. Chora herufi kwa penseli kwanza, kwa sababu nafasi huisha ghafla upande wa kulia. Jina lako, kama ni lazima, liende nyuma ya ubao.

Nahitaji mwalimu?

Kwa penseli na nakshi unaweza kwenda peke yako mbali tu. Kwa hati za Kiarabu mwalimu ni karibu lazima, kwa sababu pembe ya kalamu haionekani kwenye picha ya herufi iliyokwisha andikwa. Kwa ikoni, kozi ya siku kadhaa ya kuandaa ubao na kuweka dhahabu itakuokolea miezi. Mengine utayapata kwa kunakili. Mkwepe mwalimu anayekuahidi ikoni kamili mwisho wa wiki. Ubao peke yake unakula wiki.

Ikoni iliyokamilika itunzweje?

Usiharakie vanishi. Yai huendelea kukomaa kwa miezi, kwa hiyo acha nusu mwaka mahali pakavu, penye hewa, mbali na jua na jiko. Kwenye unyevunyevu ukungu hupenda rangi ya yai changa; ukiona madoa meupe yenye manyoya, yafagie kwa brashi kavu ukiwa nje na uhamishe ubao. Usiutundike ukuta wa nje wenye unyevu bila kuacha nafasi nyuma: vipande viwili vya kizibo cha chupa kwenye pembe za chini vinatosha. Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Kitambaa chenye maji kisiguse rangi ya yai isiyo na vanishi, na dhahabu isisuguliwe hata kwa kikavu.